Hesabuni na Nanga: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Hifadhi ya Taifa ya Port-Cros

Kwa Mkurugenzi na wajumbe wa bodi ya Hifadhi ya Taifa ya Port-Cros, Hyères;
Kwa Mkuu wa Mamlaka ya Bahari ya Mediterania, Toulon;
Kwa Meya wa Hyères.

Waheshimiwa,

Mimi ni baharia wa msimu. Kuanzia Mei hadi Septemba kazi yangu ni kuosha sitaha, kufunga kamba, kumsaidia mpishi anapozidiwa, na kushusha nanga. Nimeifanya kazi hii kwa miaka kadhaa kwenye boti za watu binafsi kati ya Saint-Tropez na Hyères, pwani ya kusini ya Ufaransa, na barua hii inahusu hilo la mwisho. Nakala ya Kifaransa mtaipata ofisini. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya watu wa Mafia, nilikozaliwa, na wa Marseille, nilikooa. Mnivumilie basi nikieleza mambo ambayo ninyi mnayajua kunishinda.

Jumapili moja ya Julai tulipanga kumpeleka mama mkwe wangu Porquerolles, kisiwa kilichomo ndani ya hifadhi yenu. Ni Mkomori aliyesafisha ofisi za watu Marseille kwa karibu miaka thelathini, na kisiwa hicho alikuwa akikiona kwenye kalenda tu. Aliamka alfajiri akaoka mkate wa sinia, akapanga sambusa kwenye kikapu, watoto wakabeba miwani yao ya kuzamia. Tulifika kwenye gati la La Tour Fondue, kwenye ncha ya rasi ya Giens, mahali ambapo kisiwa kiko mbele ya macho kabisa, chini ya nusu saa kwa boti ya abiria. Dirishani tukaambiwa nafasi za siku hiyo zimekwisha. Mama hakugombana na mtu. Aliuliza tu, "Kisiwa nacho hujaa?" Tukala mkate wetu chini ya msonobari kando ya maegesho ya magari, tukiitazama bahari.

Nilikuwa na aibu ambayo sikuweza kumweleza. Ijumaa, yaani siku mbili kabla, nilikuwa nimeshinda kisiwani hapohapo, mbele ya ufuo wa Notre-Dame, juu ya boti ya mita 18 yenye wageni sita. Tiketi hatukuhitaji. Idadi ya watu wa siku ile haikutuhusu. Nahodha aliniashiria, nikabonyeza kitufe, mnyororo ukateremka kwa kishindo, wageni wakaruka majini.

Kikomo chenyewe sikipingi. Ndugu zangu wa nyumbani wajue kwamba Porquerolles ina ukubwa wa hekta 1,250 hivi na wakazi wa kudumu wachache, na kuna siku za kiangazi ilikuwa ikipokea zaidi ya watu 10,000 kwa siku moja. Mgeni njoo mwenyeji apone, twasema kwetu, lakini mwenyeji wa namna hiyo angeponea wapi? Tangu 2021 mmeweka kikomo cha watu 6,000 kwa siku wakati wa msimu mkubwa, mkakubaliana na wenye boti za abiria, na vijia vimepumua. Nimeona tofauti kwa macho yangu.

Ila kikomo hicho kinamkamata anayekuja kwa tiketi. Anayekuja na chombo chake hapiti dirishani, kwa hiyo hahesabiwi. Tena kuna jambo ambalo abiria wengi hawalijui: ndani ya bei ya tiketi yao imo kodi, iliyowekwa kwa sheria ya 1995, inayotozwa abiria wanaosafirishwa kwa bahari kwenda kwenye maeneo ya asili yanayolindwa. Laiti mama mkwe angepata nafasi, angechangia hifadhi kwa senti zake. Wageni wetu sita wa Ijumaa, waliokunywa kwa mchana mmoja divai ya thamani ya tiketi za ukoo mzima, wasingedaiwa kodi hiyo hata kidogo. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo?

Nasema haya si kwa wivu. Mshahara wangu unatoka kwenye divai hiyohiyo. Nasema kwa sababu ya kilichoko chini ya boti.

Ukipita juu ya ghuba zile maji hubadilika rangi. Penye mchanga ni feruzi inayopendwa na wapiga picha. Penye weusi watalii hudhani ni mwamba, na wengine hulalamika kwamba pamechafuka. Ni shamba la posidonia. Wengi huiita mwani, kumbe ni mmea kamili wenye mizizi, shina, maua na matunda, uliorudi baharini zamani za kale kama nyangumi alivyorudi. Kwetu Mafia tuna majani ya bahari ya jamaa hiyo, na mvuvi yeyote wa dema atakwambia kwamba tasi hukaa humo. Posidonia ya aina hii haipatikani kwingine duniani ila Mediterania. Hushuka hadi mita 40 hivi pale maji yanapokuwa meupe, na ndani yake samaki wadogo hujificha na kukua. Majani yaliyokufa husukumwa ufuoni yakarundikana, na marundo hayo, yanayowaudhi wenye mataulo, ndiyo yanayozuia mawimbi ya baridi yasiubebe mchanga.

Mmea huu hauna haraka. Hutandaa kwa upande sentimita chache tu kwa mwaka. Chini ya majani mabichi kuna tabaka la mizizi na mashina ya zamani lililoshikamana na mchanga, na tabaka hilo hupanda kama mita moja kwa karne. Penye tabaka la mita tatu, basi, mtu anasimama juu ya kitu kilichoanza kujengwa kabla Wafaransa hawajampindua mfalme wao. Nanga yangu imetoka kiwandani miaka minne iliyopita.

Sasa niwaeleze kinachofanyika, maana mtu wa ofisini anaweza kudhani nanga inashuka, inakaa, inapanda. Nanga ikigusa chini nahodha hurudisha boti nyuma ili ncha zijichimbie. Kisha upepo ukigeuka boti huzunguka, na mnyororo uliolala chini nao huzunguka, ukifyeka majani kwa duara. Mchana mmoja wenye upepo wa kubadilika unatosha kuacha uwanja mtupu. Jioni mota huvuta, nanga hung'oka, na mara nyingi huja na fungu zima, majani kwa mizizi, mizizi kwa udongo mweusi. Mimi ndiye ninayeinama na upondo kulisukuma lirudi majini. Naijua harufu yake. Nimeilalia.

Mtaniuliza kwa nini hatutafuti mchanga. Tunautafuta. Nahodha ana programu kwenye simu, inaitwa Donia, inayoonyesha kwa ramani wapi pana majani na wapi pana mchanga, na huifungua kila siku. Lakini ikifika saa tano asubuhi mwezi wa Agosti, mchanga wote umeshawahiwa na waliolala palepale, na mgeni aliyelipa hataki kusikia habari ya kugeuza boti. Posidonia inalindwa na sheria ya Ufaransa tangu 1988, kuiharibu ni kosa. Kila mtu kwenye sitaha anajua. Kitufe kinabonyezwa.

Kwa upande wa Toulon, nashukuru amri ya Juni 2019 iliyozuia vyombo vya mita 24 na zaidi kutia nanga kwenye majani. Ile ilikuwa hatua kubwa, na wenye meli za fahari walilia sana. Lakini hesabuni wenyewe siku ya Agosti kutoka juu ya kilima cha ngome ya Sainte-Agathe: je, zile boti nyeupe zilizotapakaa chini ni za mita 24? Nyingi ni za mita 8, 10, 12. Yetu ni ya 18. Nanga ndogo huchimba shimo dogo, ni kweli, ila zikiwa mamia na zikarudi kila asubuhi kwa wiki nane, udogo wake hauna maana tena.

Dawa yake haihitaji mtaalamu wa kutoka mbali. Mnayo tayari, ng'ambo tu ya maji, kwenye kisiwa cha Port-Cros. Pale kwenye mlango wa Bagaud, kati ya Port-Cros na kisiwa kidogo cha Bagaud ambacho hakuna anayeruhusiwa kushuka, boti zilikuwa zikijazana kila kiangazi. Mkaweka maboya, mkakataza nanga. Mara ya kwanza nahodha wetu alinung'unika njia nzima. Mara ya pili alinung'unika kidogo. Sasa ndiye anayewasifia wageni usingizi wa pale, kwa kuwa aliyefunga kwenye boya haamki usiku kuangalia kama nanga inaburuta. Mimi nilifurahi zaidi yake: kufunga kamba kwenye boya ni kazi ya dakika mbili, na hakuna maiti ya kusukuma na upondo jioni.

Hifadhi hii ina haki ya kujivunia. Ilianzishwa Desemba 1963, na ndiyo ya kwanza Ulaya kuijumuisha bahari ndani ya hifadhi ya taifa. Wenye kisiwa cha Port-Cros, familia ya Henry, walikitoa kwa serikali ili kihifadhiwe, wakati pwani jirani ikiuzwa kiwanja kwa kiwanja. Anayetaka kujua subira inazaa nini azamie La Gabinière, mwamba ulio kusini ya Port-Cros, akaonane na chewa. Watu wa pwani wote wanamjua chewa. Huyu wa Mediterania huzaliwa jike, hukua taratibu, na baada ya miaka mingi ndipo hugeuka dume. Kwa hiyo mvuvi wa mshale anayechagua wale wakubwa anawamaliza madume wote, na majike wanabaki wajane. Ilifika mahali chewa akawa hadithi kwenye pwani hii. Mkafunga uvuvi wa mshale kwenye maji ya hifadhi, na 1993 Ufaransa ikaupiga marufuku dhidi ya chewa kwenye pwani yake ya Mediterania. Waliohesabiwa kwa makumi Port-Cros sasa huhesabiwa kwa mamia, na wengine wana utulivu wa wazee wa baraza: wanamtazama mzamiaji mpaka yeye ndiye anaona haya. Vyaelea vimeundwa, na vimeundwa kwa kuwaambia watu "hapana" kwa miaka sitini.

Mlijua pia kupigana na nanga zamani, kwa sababu nyingine. Mwaka 1984 gugu la bahari la nchi za joto, Caulerpa taxifolia, lilionekana chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Likasambaa pwani nzima, na mojawapo ya magari yake ilikuwa nanga: kipande kinanasa kwenye mnyororo, kinashuka ghuba nyingine, kinaota. Lilipofika Port-Cros katika miaka ya 1990 mlipeleka wazamiaji kuling'oa kwa mkono, shina kwa shina, mwaka baada ya mwaka. Mtu aliyefanya kazi ile hahitaji kuelezwa na mimi nanga ni nini.

Kuna mengine hayazuiliki kwa amri yoyote, najua. Lile kombe kubwa la Mediterania, Pinna nobilis, lililosimama wima kati ya majani na kufikia zaidi ya mita moja, lilianza kufa kwa wingi Hispania 2016 kwa sababu ya kimelea, na maradhi yakafika huku. Sasa tunaona magamba matupu yaliyosimama kama milango ya nyumba zilizohamwa. Joto la bahari limeua matumbawe laini, gorgonia, mwaka 1999, tena 2003, tena 2022. Hakuna boya la kufungia joto. Hayo yote yananifanya nione uchungu zaidi kwa nanga, kwa sababu hii moja tunaweza kuizuia kwa kamba na zege, na bado tunasubiri.

Niruhusuni nitaje kwetu kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Ina vijiji ndani yake, Chole, Juani, Jibondo na vingine, kwa hiyo kila katazo lilimgusa mtu mwenye jina na watoto. Juya lilikatazwa. Juya ni wavu wa kukokota: huvutwa chini, hulima majani, huzoa hadi vifaranga. Lilistahili kukatazwa, na mjomba wangu aliyekuwa mmoja wa wavutaji wake alikuja kukubali hivyo, baada ya muda mrefu na maneno mengi ambayo sitayaandika. Alipoteza riziki, akajifunza mshipi. Nilipomsimulia kwa simu kazi ninayofanya Ulaya, nikamweleza mnyororo unavyofagia, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi hilo si juya tu, la watu wasiokula samaki wake?" Sikuwa na jibu. Juya la maskini lilikamatwa likachomwa moto. Mnyororo wetu unasuguliwa kwa maji baridi ili ung'ae.

Ninachoomba kinafahamika. Ndani ya ukanda wa bahari ya hifadhi wa mita 600 kuzunguka Porquerolles, nanga juu ya majani isiruhusiwe kwa chombo chochote, kiwe na mita 6 au 60. Penye mchanga mweupe wa kutosha, ruksa. Kwenye ghuba zinazojaa, tieni maboya kama ya Bagaud, na yakijaa, yamejaa, kama dirisha la La Tour Fondue linavyojaa. Nafasi za boya zikatwe mapema kwenye simu, na bei yake isiwe chini ya kile anachochangia abiria wa kawaida. Najua hatua zimeanza hapa na pale, na kama kuna mpango uko mezani, uondoeni mezani uje majini. Na kwenye ile idadi ya kila siku, wahesabuni na waliomo ndani ya boti hizi. Wageni wetu hushuka ufuoni, hutembea kwenye vijia vilevile, hununua aiskrimu kijijini. Ni watu kama watu wengine, wana vichwa.

Wenye boti watasema bahari haina mlango. Watasema vijiji na bandari vinaishi kwa pesa zao, na hapo wana hoja. Hata mimi naishi kwazo. Lakini walisema hivyohivyo kuhusu Bagaud, na maboya ya Bagaud hujaa. Manahodha ninaowafahamu hawaogopi katazo linalomhusu kila mtu. Wanaogopa kuwa wao peke yao ndio waungwana siku ambayo jirani ametia nanga anapotaka, na mgeni anauliza, "Mbona yule yuko pale?" Wapeni jibu la kumpa mgeni. Mtashangaa watakavyowashukuru, kimyakimya, kwa ishara ya mkono.

Kuhusu mimi, mwajiri wangu akiisoma barua hii huenda nikatafuta kazi nyingine, na nimeshalifikiria hilo. Upondo naujua, injini za boti ndogo nazijua, Kifaransa changu kinatosha kumwambia mtu kwa adabu kwamba pale alipo ni juu ya majani na ageuke mita thelathini kushoto. Mkihitaji mtu wa kuzunguka na daftari asubuhi za Agosti, nipo.

Tiketi zetu za Julai tumeshazikata, mapema safari hii, tuko watano. Mama ameshanunua unga.

Wenu katika kazi,

Baharia wa msimu, mzaliwa wa Mafia
Hyères